Ngata ya Paluku

Siku tuliyorudi na mwili wa mume wangu kutoka hospitali, wanawake wa mtaa wetu wa Mapendo waliingia chumbani kwangu kupanga vitu, kama ilivyo kawaida ya watu wema ambao hawawezi kuona msiba bila kushika ufagio. Mmoja wao, jirani ninayempenda lakini mwenye haraka ya kutupa mali za wenzake, akavuta chini ya kitanda kitambaa kilichosokotwa kikawa duara, cheusi kwa jasho la zamani, kimefungwa kwa kamba ya nailoni. Akakinusa, akakunja uso. "Mama Kavira, hii takataka nitupe?" Nikamwambia akiitupa hiyo, na yeye nitamtupa nje pamoja nayo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, na wanaume waliokaa uani kwenye viti vya kukodi wakageuka kutazama dirishani. Ilikuwa ngata ya Paluku, mume wangu, ile aliyokuwa akiiweka kichwani chini ya gunia alipokuwa mbebaji kwenye gati la ziwa. Nikaichukua, nikakaa nayo mapajani kitandani, na sikutaka mtu aniulize kitu.

Uani walikuwa wameanza tena ubishi wao. Mtoto wa dada yake Paluku, anayesoma sheria na ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko simu yake, alikuwa anasema: "Mutu asilazimishwe. Kama sitaki sendika, juu ya nini nilipe kotisasio? Kazi ni haki yangu." Mwenzake, anayefanya kazi katika kampuni ya malori, akamrukia: "Na sendika ikipandisha mushahara, weye utakataa ile ya juu? Utakula kama siye, bila kulipa!" Wakaniita kupitia dirishani niwaamue, kwa sababu walijua mjomba wao alikuwa mtu wa sendika, yaani kile chama cha wabebaji, kilichokuwa kinatoza kila mtu mchango uitwao kotisasio. Niliwaambia waende wakale maharagi. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema sawa, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Nimeona watu wakipasuliwa kwa ajili ya ubishi huo huo, na kila aliyepasuliwa alikuwa na neno la haki mdomoni.

Mwaka ubishi huo ulipofika gatini kwetu Goma nilikuwa sijafika ishirini, nikipika kwa Mama Katungu. Jiko lake lilikuwa kibanda cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, karibu kabisa na gati, hivi kwamba boti likifunga kamba sisi tulisikia mbao za ukuta zikitetemeka. Kulikuwa na chumba cha mbele chenye meza ndefu na mabenchi, na nyuma yake kistoo ambacho Paluku alikipanga kwa kulala. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na ukuta wa mbao zenye nyufa. Mtu akikohoa kule, huku supu inasikia. Tulipika bugali ya muhogo, maharagi, sombe ya majani ya muhogo siku ya mafuta ya mawese, na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga karibu kila siku, kwa sababu walikuwa wanatoka ziwani wakiwa bado wanarukaruka. Mimi nilikuwa mtu wa kuosha sahani na kusikiliza. Wanaume wakila hawaoni aliyeshika sahani, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Wabebaji wa sendika walikuwa na mstari wao. Asubuhi walisimama kando ya ukuta wa mawe, kila mmoja mahali pake, na mahali hapo palikuwa pake kama mtu alivyo na kitanda chake. Boti likifika, mstari ulikwenda, gunia moja moja, kwa zamu. Mtu akiumia au akishikwa na malaria, ngata yake iliwekwa chini pale pale alipokuwa anasimama. Zamu yake ikifika, aliye nyuma yake alibeba kwanza gunia la mgonjwa, kisha ndipo akabeba lake, na malipo ya lile la kwanza yalikwenda kwa mgonjwa. Ngata ile haikuguswa. Hakuna aliyeruhusiwa kuiweka kichwani, hata kwa mchezo. Ngata ya mtu ilivaliwa na mwingine siku moja tu, siku ambayo mwenyewe amekufa na wenzake wamemchagua wa kushika nafasi yake. Mrithi aliivaa mbele ya wote, na wanawake wa gati wakishaona hivyo tu walianza kupiga mayowe ya msiba. Mimi nilikuwa nimeona hivyo mara moja, na sikuhitaji mtu kunifafanulia.

Paluku alikuwa kapita, mkubwa wa mstari. Mtu wa Butembo, mabega mapana, mchache wa maneno, na siku nilipomfahamu vizuri nilimchukia. Bahati alikuwa kijana aliyetoka milima ya Masisi na mama yake, wamekimbia vita, wanalala chini ya plastiki. Alifika gatini asubuhi, akaona boti, akaona magunia, akaona watu wanabeba. Akajipenyeza, akabeba. Hakujua kwamba kuingia mstarini kuna kiingilio, na kiingilio kilikuwa kizito mno kwa mtu aliyekimbia na sufuria moja. Paluku alimfuata, akampokea lile gunia taratibu kama anayempokea mgeni mzigo, akaliweka chini, kisha akachukua mpini wa koleo akampiga nao mdomoni. Nilisikia sauti ya meno. Wenzake wakaingia kwa mateke. "Nani alikuambia uingie mu mustari?" Paluku alikuwa anauliza, na kila akiuliza anapiga, kana kwamba angeweza kujibiwa na mdomo ule. Walipomwacha nilimwosha kwa maji yangu ya sahani. Alitema damu, akasema: "Minaomba kazi tu, dada." Mama Katungu alinivuta ndani kwa kitenge. "Osha masahani. Hawa bakipenda mutu, banamubeba mupaka kaburi. Bakimukataa, ni vile umeona." Kama siku hiyo mtu angeniambia nitamzalia watoto yule mpigaji, ningecheka mpaka nitapike.

Halafu amri ikaja. Ilitoka juu, ofisi za serikali, na aliyetuletea alikuwa Patroni Kakule, mwenye depo la saruji na sukari lililokuwa linategemea gati lile. Alipanda juu ya mizani ya kupimia magunia ili aonekane, akasoma karatasi kwa Kifaransa, kisha akatafsiri. "Kuanzia leo kila mutu ana haki ya kubeba. Hakuna kulazimisha mutu kuingia mu sendika. Hakuna kulazimisha kotisasio. Mutu ni libre!" Nje ya lango walikuwepo wale waliokuwa wakifukuzwa kila siku, na Bahati kati yao na mdomo wake wenye pengo. Walipiga makelele ya furaha hata kunguru wakaruka kwenye paa la depo. Kuanzia hapo tukawaita walibre, yaani watu huru. Mama Katungu alikuwa anaonja chumvi ya maharagi. "Leo banafurahi," akasema, akipuliza kijiko. "Na bana haki ya kufurahi. Sasa tutaona nani atabebea mugonjwa."

Patroni hakuja peke yake. Alikuwa na vijana wa rungu, wa kukodi, na Paluku alipofunga njia na watu wake, rungu zikaanza kazi. Sijui kama umewahi kusikia rungu ikipiga kichwa cha mtu aliyesimama karibu nawe. Haina sauti kubwa. Watu wa sendika walirudi nyuma mpaka jikoni kwetu, na vijana wakaingia nyuma yao wakipiga meza, sahani, migongo. Mtu mmoja aliangukia jiko langu la sambaza, mafuta yanachemka, na kelele aliyopiga bado naisikia nikikaanga samaki, kwa hiyo mimi sikaangi, nachemsha. Paluku alitoka na nyusi iliyochanika mpaka mfupani. Alikaa kwenye benchi, damu inadondoka kwenye bugali ya mtu mwingine, anatazama walibre wakipita dirishani na magunia ya saruji. Mimi nilimshonea ile nyusi kwa uzi wa nguo, na sikumwonea huruma, nilikuwa namkumbuka Bahati. Lakini sindano ilipoteleza, yeye aliushika mkono wangu akauelekeza.

Kuanzia siku hiyo mstari na walibre walibeba kwenye gati moja, kila upande kivyake. Nitasema pia yaliyo kweli upande wa Patroni: kazi iliongezeka. Libre alibeba kwa malipo ya chini, na boti zilizokuwa zikishusha Bukavu, upande wa pili wa ziwa, zikaanza kuja kwetu. Kulikuwa na asubuhi ambazo zilipanga foleni majini. Tuliuza chakula mpaka sufuria zinagongana. Walibre walinunua viatu. Bahati alimhamisha mama yake kutoka chini ya plastiki, akampangia chumba mtaa wa Mabanga, chumba cha mbao kama changu, lakini chenye mlango wa kufunga, na alinieleza habari za mlango ule kama mtu anayesimulia harusi. Nani angemwambia mtu yule kwamba sheria ile ni mbaya?

Papa Bisimwa angemwambia. Alikuwa kapita wa wabebaji wa Bukavu, mwanamume mnene mwenye koti la suti, na alivuka ziwa kwa boti la abiria kuja kugombana. Alikaa mezani na Paluku, akaagiza bugali na sambaza, akala kwanza akamaliza, ndipo akaanza. "Ninyi batu ya Goma munatuua. Boti inapita mulango yetu, inakuya huku juu ya bei ya chini. Na patroni yetu anasema: kama Goma baliondosha sendika, juu ya nini siye tubakie nayo? Batoto yetu banalala njaa juu yenu!" Paluku alimwonyesha nyusi. "Tulikataa, papa. Angalia." Bisimwa akaangalia, akapoa kidogo, kisha akapiga meza tena: "Basi mukatae tena!" Hata ng'ambo ya mpaka, upande wa Gisenyi, wachukuzi walikuwa wanauliza bei yetu na kutukana. Nilijifunza mwaka huo kwamba mshahara wa mtu ukishuka hapa, kuna mtu mwingine ambaye hujamwona kamwe anayeshushiwa wake pia. Kabla mwaka haujaisha, Bukavu nao walisomewa karatasi yao, na tulisikia kwamba Papa Bisimwa alitolewa gatini kwake akiwa amebebwa na wenzake, mkono umevunjika mara mbili.

Lakini kilichoiua sendika kwetu hakikuwa rungu. Nilikisikia kikianza kwenye meza iliyo karibu na dirisha, kati ya watu wa sendika wenyewe, wanaume waliokuwa wameshika ngata zao miaka mingi. "Bei imeshuka kwa bote; libre analipwa sawa na miye, na halipi kotisasio. Miye ni mujinga?" Mwenzake akacheka. Kesho yake wawili hao hawakulipa. Wiki iliyofuata hawakusimama mstarini, walisimama na walibre, na hakuna aliyewapiga, kwa sababu sheria ilikuwa upande wao na rungu za Patroni nazo zilikuwa upande wao. Wengine wakawafuata. Ni Mumbere tu, aliyekuwa akisimama nyuma ya Paluku, kijana mkali mwenye mdomo mchafu, ndiye aliyekuwa anawatemea mate waliohama, mpaka siku moja wakamshika wakamlisha mchanga.

Sendika ilikuwa na wapangaji wake ndani ya depo, watu wa kupanga magunia kwa kupishanisha ili rundo lisimame. Walibre hawakuwa na wapangaji. Kila mtu alitupa gunia lake akakimbilia jingine, maana alilipwa kwa mbio zake. Paluku aliingia depo akaona ukuta wa saruji umeegemea hewa, akaanza kuwafokea watoke. Walitoka. Yeye hakuwahi, ukuta ukamwangukia. Tulimchimbua kwa mikono, vumbi la saruji limemjaa macho na masikio, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unatazama upande ambao mguu hautazami. Hospitali walimfunga plasta na kumwonya waziwazi: akikanyaga kabla ya kufunguliwa, ule mguu utakatwa. Wakamrudisha kistooni kwake, nyuma ya jiko letu. Ngata yake ikawekwa chini, mahali pake mstarini. Maisha yake yote na mguu wake vilikuwa vimekaa pale juu ya jiwe, vinangoja watu wavibebe.

Mwanzoni walibeba. Mumbere alibeba la Paluku na lake, kila boti, na wachache waliobaki walimsaidia. Lakini mstari ulikuwa unafupika. Mumbere akashikwa na malaria, akalala kwao, mtaa wa Katindo. Waliobaki walianza kusema kesho, kesho. Na aliyesema kesho aliona aibu kupita kistooni kumsalimia mgonjwa, kwa hiyo hakupita tena. Chumba kile kilichokuwa kikijaa watu kikawa kimya. Mimi ndiye niliyempelekea sahani, na sahani zikawa zinarudi na chakula. Siku moja ngata ilikaa chini tangu asubuhi, watu wanairuka, na mchana mtu mmoja akaipiga teke ikaviringika mpaka mlangoni kwetu. Mama Katungu aliiokota akaipangusa kwa kitenge chake, akanipa niiweke. Nilimwona akilia, mwanamke ambaye alikuwa ameona rungu bila kupepesa.

Mchana huo huo nilisikia kishindo kistooni. Paluku alikuwa ameketi sakafuni na jiwe mkononi, anapasua plasta. "Toka, Kavira. Bila wa kunibebea nitapoteza fasi yangu mu mustari. Nitasimama miye mwenyewe." Nilimrukia. Tulipigana kwa lile jiwe, kweli kabisa, nikamng'ata mkono, akanisukuma nikagonga ukuta, nikarudi. Nilimwambia ni mpumbavu, nikamwambia maneno ambayo mama yangu hakunifundisha, na katikati ya matusi hayo nikajisikia nikisema kwamba akikatwa mguu nitakufa. Sote wawili tulishangaa. Jiwe likaanguka. Ndipo mlango ukafunguliwa na Bahati akaingia na sahani yake ya maharagi, kwa sababu alikuwa anakula upande wa pili wa zile mbao na kila neno lilikuwa limepita.

Alisimama akamtazama mtu aliyemvunja meno. Nilidhani atamtemea mate. Akasema: "Kwetu Masisi, mutu akilala mugonjwa, jirani anamulimia shamba. Haiko juu anamupenda. Ni juu kesho atalala yeye." Paluku akamjibu kwa ukali kwamba hapa si Masisi. Bahati akaketi kwenye gunia tupu, akala kijiko kimoja, akafikiri. "Nitakubebea gunia yako kila boti. Lakini ukisimama, utaniingiza mu mustari. Bila kiingilio. Mbele ya bale bote balinipiga." Paluku akanyoosha mkono, nikampa ngata. Akampa Bahati. "Kesho, fasi yangu," akasema. Hicho tu. Kwa Paluku, kumwambia mtu kwamba ngata ya mgonjwa haivaliwi ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba moto unachoma. Na Bahati, ambaye hakuwahi kuruhusiwa kusimama ndani ya mstari hata asubuhi moja, angejulia wapi?

Asubuhi alikuja ameoga. Alisimama mahali pa Paluku, kando ya ukuta wa mawe, na boti lilipofunga kamba akaiweka ngata kichwani, akaenda mbele kuchukua gunia. Mimi nilikuwa nachota maji. Nilisikia mwanamke muuza ndizi akiuliza kwa sauti nyembamba: "Paluku amekufa?" Mwingine akaanza mayowe, na wa tatu akayapokea, mpaka gati zima likawa linalia msiba wa mtu ambaye alikuwa nyuma ya ukuta wangu anakunywa uji. Mumbere alikuwa amerudi siku hiyo hiyo, macho bado ya njano. Aliona ngata ya kapita wake juu ya kichwa cha libre. Hakuna aliyemchagua mrithi, hakuna aliyekuwa ameingia kistooni siku nyingi, na kila mmoja wao alikuwa na ile aibu yake ndani inayotafuta mtu wa kupiga. "Balimuua!" Mumbere akapaza sauti. "Balimuua Paluku, na sasa banavaa ngata yake!"

Walimwendea na kulabu za magunia. Hata wale waliohama sendika walirudi dakika ile, na nadhani hao ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Bahati alianguka na gunia shingoni, na kulabu ya Mumbere ikamwingia jichoni. Walibre wakaja na mawe, vijana wa rungu wakatoka depo wakipiga yeyote, na mawe yetu ya volkano yana makali, kila jiwe ni kisu. Nilimwona mtu ameshika tumbo lake kwa mikono yote miwili, anatembea polepole kuelekea ziwani kama anayekwenda kunawa. Nilimwona Patroni Kakule juu ya mizani yake akipiga kelele kwamba kuna sheria, kuna sheria, mpaka jiwe likamshusha. Watu wakaanza kuulizana kabila, huyu Munande, huyu Muhunde, na nilijua tukifika hapo gati zima litakwisha.

Nilikimbilia kistooni. Paluku alikuwa ameshatambaa hadi mlangoni, anapiga kelele: "Niko muzima! Bambie niko muzima!" Nani angemsikia. Nikageuka, nikachuchumaa. "Panda." Akasema siwezi kumbeba. Nikamwambia apande au nimwache. Mimi nimebeba maji tangu nikiwa mdogo, lakini mwanamume yule na plasta yake ndio mzigo mzito kuliko wote niliowahi kuinua. Nilipita naye katikati ya gati nikiwa nimeinama, mguu wake umenyooka mbele kama mwiko, na yeye anawaita mmoja mmoja kwa majina juu ya kichwa changu. Waliokuwa karibu waliona wakasimama mikono ikiwa hewani. Mumbere alimwona mwisho. Aliitazama kulabu yake, akaitazama sura ya Paluku, akapiga magoti palepale kwenye damu, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto. Kulikuwa na watu wa pande zote ambao hawakuinuka tena. Bahati alikuwa anapumua, na ngata ilikuwa chini yake.

Sendika haikuwapo tena baada ya hapo, na hakukuwa na haja ya amri. Patroni Kakule alipona, akawabebesha walibre wake kwa bei aliyotaka, na hata mwaka mwingine haujaanza alikuwa anakuja jikoni kwetu kulalamika kwa Mama Katungu: magunia yanapasuka, sukari inaibwa, leo anakuja mbebaji huyu, kesho hamwoni. "Zamani, gunia ikipotea, kapita alikuwa analipisha sendika. Sasa nitauliza nani?" Mama Katungu akamwekea sahani. "Uliza karatasi yako, patroni." Yeye hakucheka, na sisi hatukucheka. Mguu wa Paluku haukukatwa, ila ulipona mfupi, na hakubeba tena. Tulioana, tukafungua duka la maharagi na mchele, na alikuwa mume mwema mwenye siku za kimya ambazo nilijifunza kutozigusa. Bahati alikuja mara kwa mara. Walikula pamoja bila maneno mengi. Wakati wa kuondoka Bahati aliuliza jambo lile lile: "Ngata ungali nayo?" Paluku alijibu: "Niko nayo." Ahadi ilikuwa kwamba atamwingiza mstarini, na mstari ulikuwa haupo. Nilimwona mume wangu akizeeka na deni hilo, na hakuna nilichoweza kumpunguzia.

Siku ya mazishi gari la maiti lilikataa kuingia kwenye kichochoro chetu, kwa sababu ya mawe. Ilibidi jeneza libebwe mpaka barabarani, na wazee wa gati, wale wachache wanaoweza bado kusimama, walijipanga kando ya ukuta bila kuambiwa. Nilipowaona nilielewa kwamba ulikuwa mstari. Mumbere alikuwa kati yao, mvi tupu, mkongojo mkononi. Mahali pa mbele waliacha wazi. Kisha Bahati akaingia uani na jicho lake moja, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuja moja kwa moja kwangu. "Mama Kavira, pole. Ngata iko wapi?" Nilikuwa nayo chini ya kitenge, sijui kwa nini nilikuwa natembea nayo tangu asubuhi. Nikampa.

Aliishika kwa mikono miwili mbele yao wote, wala hakuivaa. Aliwatazama mmoja mmoja kwa lile jicho, na nilimwona akingoja kama alivyongoja nje ya lango miaka ile. Wale vijana wangu wa sheria na malori walikuwa wamesimama mlangoni hawaelewi kitu. Mumbere aliutupa mkongojo wake chini. Akanyoosha mkono mtupu kuelekea mahali palipoachwa wazi.

"Ingia mu mustari, Bahati," akasema.

Bahati akaiweka ngata kichwani, akainama chini ya jeneza, na mimi, ambaye nilikuwa sijalia tangu hospitali, nikapiga mayowe.